Wivu wa Mama Hana na mashine 'inayokula rangi'

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaani Miyuji. Sidonia Ndahani ameweka kiganja juu ya boneti la gari na kutulia, kama mama anayepima homa ya mtoto. Bati bado ni la baridi.

"Sasa hivi linakubali," anasema. "Ikifika saa nne, jua la hapa likishalichoma, dawa ya polishi inakauka kabla hujaisugua. Hapo umeharibu."

Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 1994, iliyokaa miaka saba nje ya nyumba moja katika mtaa wa Kikuyu bila hata turubai. Zamani lilikuwa jekundu. Leo lina rangi ya ufizi, na ukipitisha kidole, kidole kinatoka na unga kama wa chaki.

Sidonia, ambaye hapa kila mtu anamwita Mama Hana, ana miaka 41. Ameosha magari kwa mkono kwa miaka kumi na mmoja. Leo, kwa mara ya kwanza maishani, atashika mashine ya polishi. Katoni la mashine hiyo limekaa uvunguni mwa kitanda chake wiki tatu nzima.

"Naogopa," anasema. "Lakini kilichonifikisha hapa si uhodari, ni wivu. Andika hivyo hivyo, wivu."

Wivu huo una jina, na mwenye jina yuko ng'ambo ya barabara ya vumbi, hatua kama ishirini. Brightness Cornel, mwenye miaka 26, alikuja kwa Mama Hana miaka mitano iliyopita akiwa hajui hata kukamua sponji. Mama Hana ndiye aliyemfundisha kuanza juu na kushuka chini, kumwaga maji mengi kwanza ili vumbi liondoke, na kutofuta kamwe gari likiwa kavu.

Baada ya miaka miwili Brightness aliaga, akaenda Arusha kwa shangazi yake. Akarudi na mashine, bango, na fulana yenye jina lake mgongoni.

Mama Hana huosha gari dogo kwa Sh5,000, na siku nzuri hupata magari sita. Brightness hutoza Sh100,000 kwa gari moja la polishi.

"Nilikuwa naisikia ile mashine ikiunguruma, roho inaniuma kama jino," anasema Mama Hana. "Naongeza sauti ya redio. Na mashine nayo kama inaongezwa."

Aliyajua magari yote ya wateja wake yaliyovuka barabara. La mhasibu wa wizarani. La mchungaji. Hata la mkunga aliyemzalisha alipojifungua mwanawe, Hana.

Ndipo akaanza kusema. Kila mteja aliyeuliza habari za mashine alijibiwa kwa upole kwamba mashine inakula rangi. Leo gari linang'aa, miezi miwili baadaye unaona bati. Hakuwa na ushahidi wowote. "Uongo wenyewe nilikuwa nautunga huku nasuuza ndoo," anakiri.

Mmoja wa waliousikia ni Mwalimu Damiani, mwalimu mstaafu wa hisabati na mwenye Corolla hii.

Agosti, Mama Hana alikwenda Makutupora kuchuma zabibu. Alichuma wiki tano, mgongo umepinda, vidole vinanata, nyuki wanamfuata mpaka kwenye chakula. Fedha ile, pamoja na akiba yake, ikanunua mashine iliyokwishatumika.

Aliporudi alisikia kwamba Anjelina, binti wa Mwalimu, amemshawishi baba yake auze gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akaenda Kikuyu kuomba apewe nafasi ya kulijaribu kwanza. Mwalimu akamtazama juu ya miwani.

"Mama Hana, si wewe uliyeniambia mashine inakula rangi?"

Alijibu kwamba yake ni ya aina nyingine. Huo ukawa uongo wa pili.

Mwalimu akakubali gari livutwe hadi Miyuji, lakini akampa robo ya boneti tu. Leo saa nne atakuja na Anjelina kuitazama. Akiridhika, Jumamosi gari zima litapigwa polishi. Asiporidhika, Jumatatu lori la vyuma chakavu litalibeba.

Mpango wa kazi umeandikwa kwenye daftari la shule la Hana, kurasa mbili. Kuosha mara mbili, kukausha kwa kitambaa laini bila kukandamiza. Kufunika kingo kwa tepu ya karatasi, maana kwenye kingo rangi huwa nyembamba. Dawa matone manne, kila moja kama punje ya mahindi. Mwendo mdogo. Mengine ameyapata kwenye video za simu, mengine kwa kuchungulia. Kuna siku alimpelekea Brightness soda baridi ili tu asome chupa zake.

Saa moja kasoro anawasha. Ameiwasha kabla pedi, ile sponji ya duara inayozunguka mbele ya mashine, haijagusa bati, hivyo dawa yote inamrukia shavuni. Anajifuta kwa bega, anaanza upya. Anakwenda polepole, kushoto na kulia, midomo ameiuma.

Baada ya dakika mbili anazima na kugeuza pedi. Ni nyekundu, kama imechovywa kwenye damu.

Mama Hana anakaa juu ya ndoo.

"Inakula," ananong'ona. "Kumbe kweli inakula."

Ng'ambo, Brightness anasimamisha bango lake. Ukiacha siku ile ya soda, mwaka mzima wawili hawa wamesalimiana kwa kunyanyua nyusi tu. Mama Hana anainuka na kuvuka barabara, pedi mkononi.

"Shikamoo, Mama Hana," anasema Brightness, macho kwenye pedi.

"Marahaba. Njoo unitazamie, mdogo wangu. Nimeua gari la mtu."

Brightness anakuja, anainama, anafuta dawa kwa kitambaa. Chini yake kuna wekundu wa pilipili iliyoiva.

Anaeleza kwamba magari mengi ya zamani hayana kliya, ile ngozi ngumu inayong'aa juu ya rangi. Kinachotoka kwenye pedi ni tabaka la juu lililokufa kwa jua, unga ule ule unaoshika kidole. Lazima utoke kidogo. Hatari ni kurudiarudia mahali pamoja. Hapa pametosha, anasema. Kilichobaki ni pedi laini zaidi, kisha nta.

Halafu, bila kuinua macho, anaongeza: "Wateja walikuwa wananiambia ulichokuwa unasema. Nikawa nawajibu, mwambieni Mama Hana aje aone mwenyewe." Anamtupia kitambaa. "Umechelewa, lakini umekuja."

Mama Hana anakwangua dawa iliyokauka chini ya kucha.

Saa nne kamili Mwalimu anafika na Anjelina. Tepu imeacha mstari ulionyooka kwenye boneti. Upande huu ufizi, upande ule pilipili. Mwalimu anainama, anaiona kofia yake ndani ya rangi, anaivua, anaiona tena. Anjelina, aliyefika akizungumza kwa simu na mnunuzi wa vyuma chakavu, anamwambia atampigia baadaye.

"Na ile habari ya kula rangi?" anauliza Mwalimu.

"Inakula ukiwa mzembe, Mwalimu. Ila siku ile nilisema kwa wivu. Brightness anaijua kazi hii kuliko mimi."

Maneno yanamtoka kwa shida, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Mwalimu anaomba daftari, anasoma kurasa zote mbili, anachomoa kalamu mfukoni. Kando ya maneno "gari zima" anaandika "Jumamosi", na kwa mazoea ya miaka thelathini anatia alama ya vema.

Jumamosi Mama Hana ataanza mapema, paa kwanza kisha milango, amalize kabla upepo wa mchana haujaleta vumbi. Brightness amekubali kumwazima pedi laini, kwa sharti kwamba mkunga na mchungaji nao waambiwe ukweli. Baada ya hapo Mama Hana anataka bango lake mwenyewe.

Akiulizwa kama wivu umekwisha, anacheka.

"Umepungua. Jana ulikuwa ndoo nzima, leo nusu." Anaviringisha waya wa mashine taratibu, akitazama ng'ambo. "Ila Jumamosi redio siiwashi. Na yeye aisikie mashine yangu."