Kwale Dume wa Kichuguuni

Msimu ule wa kupanda nilikuwa na maadui wawili kwenye shamba nyuma ya soko la Matisi: jirani yangu na kwale dume. Kwale alikuwa na adabu zaidi.

Mvua zilipoanza tu, dume huyo alipanda kichuguu na kupiga kelele za kuamsha Bungoma nzima. Mimi, niliyesoma biolojia kwenye masomo ya jioni nikisinzia, nilijilaza nyasini kila asubuhi kumtazama. Dume mwingine akiita, huyu anashuka mbio, shingo imevimba, mabawa yanaburuta chini. Siku moja alinifukuza hata mimi, mtu wa kuvunja baiskeli kwa uzito. Nilikimbia, karibu nifike Uganda.

Jike wake alikuwa analalia mayai kwenye magugu ya mpakani. Nilitaka yaanguliwe. Jirani hakutaka.

"Ndege wako wamefukua mahindi yangu yote!"

"Wamefukua kidogo tu, jirani."

"Ati kidogo? Na wewe kila siku umelala hapo kama ng'ombe mgonjwa. Si uwaoe basi, bana!"

Nikamwambia mahindi yake hayakuota kwa sababu aliyapanda kina cha kaburi. Salamu zikaishia hapo.

Akaenda kwa shemeji yake huko Kamukuywa, akarudi na dume mwingine ndani ya kikapu, akakiweka chini ya kichuguu na kukizungushia vitanzi. Ndivyo kwale wanavyonaswa huku msimu wa mayai. Hakuna chambo. Mwenye eneo haji kula, anakuja kupigana.

Mgeni akaita. Nikapiga sufuria, nikapiga mayowe, ili dume wangu atoroke. Wapi! Alishuka kama lori lililokatika breki. Kitanzi kikamshika mguu, na bado akaendelea kukidonoa kikapu.

"Amekuja mwenyewe," jirani akacheka, akimnyonyoa mbele ya macho yangu. "Sasa mke wake yuko wapi?"

Kesho yake nilijilaza upande wa pili kabisa wa shamba, nikakodolea macho kichaka kisicho na kitu. Kila asubuhi nikafanya hivyo. Jirani akaja na panga, akafyeka kichaka chote, akabaki ananitukana mpaka sauti ikamkauka. Mimi nililala tu, matope masikioni.

Huko mpakani, jike alikuwa anavusha vifaranga kuingia kwenye majani marefu ya kulishia ng'ombe.