Teresia na Dawa Iliyochelewa

Kwa miaka kumi na tisa Teresia amewachoma vichanga BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye bega la kulia. Zahanati yake iko ndani ndani huko Tarime, na akina mama wanamjua kwa mkono mwepesi na mdomo mkali.

Mwaka jana kaka yake Mogesi, mfugaji wa Nyamwaga, alianza kukojoa damu. Alificha miezi mitatu. Mkewe Beatrice alipoitoboa siri, Teresia alimpeleka Mwanza siku iliyofuata. Daktari bingwa, Vedasto, alikuta saratani ya kibofu, akaikwangua.

"Bado iko juujuu," aliwaambia. "Sasa inatakiwa tumwekee BCG ndani ya kibofu, kila wiki kwa wiki sita. Inaamsha kinga ya mwili, halafu kinga yenyewe inaishambulia saratani."

Teresia alidhani hakusikia vizuri. "BCG hii ya watoto, dokta?"

"Kijidudu ni kilekile, ila ya kibofu ina nguvu mara nyingi zaidi. Na hiyo hatuna. Viwanda vinavyoitengeneza ni vichache duniani, na nchi tajiri zinatangulia."

"Itakuja lini?"

"Sijui, sista."

Teresia akasimama. "Chanjo ya miaka mia! Kwetu inafika kwa pikipiki, kwenye kisanduku cha barafu, barabara yote ile ya vumbi! Leo kaka yangu afe kwa kukosa BCG?"

Mogesi alimvuta sketi. "Kaa chini, mdogo wangu."

Hakukaa.

Siku ya kliniki walikuja watoto saba. Chupa moja ni dozi ishirini, na ikifunguliwa, kinachobaki baada ya saa sita hutupwa. Teresia alikitupa, kisha akaipiga ndoo teke mpaka ikapasuka.

Jioni Mogesi akamfuata. "Ufunguo wa friji unao wewe. Niwekee hizo chupa za watoto."

"Zote pamoja hazifikii dozi yako moja. Na watoto wa kata nzima nitawaambia nini?"

"Kwa hiyo unanikatalia."

"Nakukatalia, kaka."

Wiki mbili hawakusemeshana. Hasira ya Teresia ikakosa pa kukaa: akamkaripia Beatrice bila kosa, akapiga simu Mwanza kila Jumatatu mpaka mfamasia akaijua sauti yake. Mkaguzi mmoja wa chanjo alipomsifu kwa kazi safi, alimjibu, "Usinisifu. Niambie kwa nini mtoto wetu anaipata na baba yake haipati." Mkaguzi akafunga daftari.

Mwezi wa tano dawa ikaja, ya wagonjwa wachache tu. Vedasto alimpima Mogesi kwanza. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye misuli; dawa ile isingemfaa tena. Wakakitoa kibofu chote. Dozi zake akapewa Agustina, mwalimu kutoka Serengeti mwenye saratani kama hiyo, na vipimo vyake vya kwanza baada ya dawa vikatoka safi.

Agustina alimpigia Teresia simu. "Namshukuru Mungu, dada."

"Mshukuru," alisema Teresia. "Mimi kwanza nina hasira."

Mogesi yuko hai, na wanaongea. Mkojo wake unaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, na huumwaga nyuma ya zizi, asionekane. Vikao vya wanaume haendi tena. Teresia humwambia aende, na yeye humjibu, "Wiki ijayo."