Fundi wa manukato asiyesikia harufu

Saa tatu asubuhi. Fundi manukato anachovya kijiti kwenye kichupa, anakipunga hewani mara tatu, kisha anampelekea mama mkwe wake puani.

“Ndimu,” anasema mama mkwe, macho kayafumba. “Tufaha ambalo halijaiva. Majani mabichi. Halafu kuna maua, lakini yamesimama mlangoni kama wageni wenye haya.”

“Niyaongeze, mama?”

“Yakaribishe ndani, mwanangu.”

Fundi anadondosha matone mawili ya waridi na moja la asmini. Hivi ndivyo yanavyotengenezwa manukato ya kike yanayopendwa kuliko yote katika duka hili lenye upana wa mlango mmoja. Mwenye duka mwenyewe hajawahi kuyanusa.

Miaka miwili iliyopita, fundi huyu, mama wa watoto watatu, aliugua mafua makali. Mafua yakaondoka na harufu zote.

“Niliunguza maharage nikiwa nimesimama palepale jikoni,” anasimulia. “Majirani ndio waliokuja mbio.”

Daktari alimwambia asubiri, huenda zitarudi. Lakini duka halisubiri. Akaficha siri, akamwomba mama mkwe, mwanamke ambaye maisha yake yote hakujipaka kitu zaidi ya sabuni, awe pua yake.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mwaka jana, mama mkwe alipokwenda kumwuguza mdogo wake kwa wiki mbili. Wiki hiyohiyo akaja bibi harusi, akaagiza chupa kumi na mbili kwa ajili ya wapambe wake.

Fundi akamgeukia mumewe, fundi magari.

“Kila nilichompa alisema, ‘Safi sana, mke wangu,’” anakumbuka. “Nilimpa hata maji matupu. Safi sana!”

Mume, aliyekuja dukani kuleta chakula, anajitetea: “Miaka kumi na tisa ya ndoa imenifundisha jibu moja.”

Siku moja kabla ya harusi, bibi harusi aliingia dukani amefura, chupa zote kumi na mbili kwenye kikapu.

“Wapambe wangu wananukia kama uwanja wa mpira uliofyekwa leo!” alifoka. “Wewe hukunusa?”

Fundi angeweza kusingizia chupa, au joto. Badala yake akasema ukweli: “Sisikii harufu, dada. Mwaka mzima sasa.”

Bibi harusi akatua kikapu mezani. “Sasa nani ananusa?”

“Mimi,” ilijibu sauti kutoka nyuma ya pazia. Mama mkwe alikuwa amerudi asubuhi hiyo, hata viatu hajavua. “Lete hicho kikapu. Nikiondoka kidogo tu, mnafuga majani.”

Walifanya kazi mchana kutwa, bibi harusi mwenyewe akishika faneli. Jioni alijipaka tone moja mkononi, akanusa, akanusa tena, kisha akaanza kulia. Mama mkwe akamkataza: “Usilie juu yake, utaongeza chumvi.”

Siri ilipotoka, fundi alidhani wateja watakimbia. Wakaja zaidi. Kutoka chupa sita kwa siku, sasa anauza hadi kumi na tano, na wengi hawakubali kulipa kabla mama mkwe hajatoa maelezo yake.

Ijumaa iliyopita, akifua nguo, fundi alisimama ghafla. Kitu kilimgonga puani, hafifu lakini kikali. Ilikuwa soksi ya mumewe.

“Nililia kwa furaha,” anasema. “Nilimkimbilia nikamkumbatia, soksi mkononi. Akauliza, ‘Inanukia vipi?’ Nikamwambia, vibaya sana, mume wangu, vibaya sana!”

Daktari amemshauri anuse vitu vinne kila asubuhi ili kuizoeza pua. Mpango wake ni kwamba pua ikirudi sawasawa, atengeneze manukato mapya kabisa, yake na mama mkwe, wakibishana pua kwa pua.

Mama mkwe amekubali kwa sharti. “Akipona,” anasema, akijifuta pua kwa ncha ya kanga, “kwanza anilipe kiinua mgongo.”