Kezia na Makofi ya Kibondo

Ukimwona Kezia pale soko la Kasulu, cherehani mbele na tepu shingoni, huwezi kudhani aliwahi kuusimamisha ukumbi mzima wa Kibondo. Mimi jirani yake wa meza nakwambia ndiye, na anayebisha aje tubishane.

Enzi za usichana wake kurap ilikuwa kazi ya wavulana. Kezia na wenzake, Mwanaheri na Firdausi, wakaanzisha kundi lao, Mabinti wa Milimani, wakaalikwa kwenye shindano Kibondo. Baba yake, Mzee Stanislaus, katekista wa kijiji cha Titye, alishamwambia: akipanda jukwaani, asirudi nyumbani. Akapanda.

Ubeti wa kwanza haujaisha, sidii ya biti ikakwama, halafu ikanyamaza kabisa. Vijana wakazomea. Papo hapo Kezia akamwona baba yake mstari wa mbele, amekuja kumtoa. Akafanya alilolelewa nalo: akapiga goti, akapiga makofi taratibu, akamwamkia kwa Kiha, "Mwidiwe, data," ndiyo shikamoo baba ya kwetu.

Sasa Muha anaweza kukasirika atakavyo, lakini salamu ya mwanawe haiachi bila jibu. Mzee akaitikia, naye kwa makofi. Wazee wengine wakafuata. Mwanaheri, mjanja yule, akarap juu ya makofi yale yale, Firdausi akadakia, na ukumbi ukapiga mpaka wimbo ukaisha.

Walishinda. Mzee alirudi naye kwenye lori, hakusema neno hadi Titye. Kezia akauona ukimya ule ndio marufuku yenyewe. Akaimba mara chache kwa kujificha, akaacha, akajifunza kushona. Bila yeye kundi likafa. Leo mabinti wanaorap, kuanzia Kasulu mpaka kambi ya wakimbizi ya Nduta, hufungua shoo kwa makofi, na hawajui nani alianza. Inaniudhi sana.

Mwaka jana bintiye, Dorcas, naye akataka kurap. Kezia akampeleka kwa babu yake ili katazo litoke huko, yeye asilaumiwe.

Mzee akasikiliza, akasema, "Imba, mjukuu wangu."

Kezia akapandwa na hasira. "Mbona mimi ulinikataza, baba?"

"Nilikukataza kabla sijakusikia," mzee akajibu. "Tangu siku ile nilikuwa nangoja uimbe tena, nije."

Kezia alitoka nje, akalia.