Watu wa Majani

Juzi niliona kwenye simu toleo jipya la mchezo wa mezani tuliocheza utotoni kule kijijini kwetu Kibua. Majitu wapo, wachawi wapo, lakini Watu wa Majani, wale wadogo wa msituni wasio na silaha, wameondolewa bila hata neno moja. Nilikasirika, kisha nikaanza kujiuliza kama nina haki ya kukasirika.

Nakumbuka mchana mmoja wa utotoni, nyumba ikinuka moshi na mihogo iliyolowekwa. Binamu yangu Junior, aliyeleta mchezo kutoka Goma, alikusanya Watu wa Majani wangu akawatupa uani.

"Batu ya pori habana kazi," alisema, yaani hawafai kitu. "Unataka kunipiga? Papa yako iko mu pori."

Alijua. Kwetu, mwindaji akiwa porini, nyumbani hakuna kugombana, asije akapatwa na baya. Mimi niliamini hata hasira ya moyoni ingemfikia Papa, baba yangu, huko mawindoni na kumwangusha.

"Siko na kasirani," nilimjibu, nikakalia mikono yangu na kujilazimisha kumpenda Junior. Leo najua hasira ya mtoto haivuki hata mto.

Jioni Papa aliingia na swala mdogo begani. Nilimpokea mkuki, nikauegemeza vizuri ukutani, ndipo nikamwuma Junior mkono.