Dirisha la Fundi wa Nguo

Nikiwa mtoto nilikuwa nalala kwa nyanya yangu, kule juu ya Endebess, nyumba ya udongo isiyo na dirisha hata moja. Kwa ukuta kulikuwa na tundu dogo, labda mdudu alilichimba. Jua likipita pale asubuhi, niliona mbuzi wa nyanya walioko nje wakitembea kwa ukuta wa pili, miguu juu kichwa chini, wadogo kama panzi. Nilifikiri kila mtu huwaona. Siku moja nikamwambia nyanya. Akacheka, akachota udongo, akaliziba lile tundu kwa kidole.

"Baridi itakumaliza, na wewe unaangalia mbuzi!"

Nililia mpaka uji ukapoa.

Nilipojenga nyumba za kukodisha Kitale, miaka ya themanini, niliweka madirisha, lakini madogo, tena upande wa mbele tu. Chumba cha mwisho nilimpa fundi wa nguo. Mtu mpole. Alinishonea suruali ya kijivu, hiyo suruali hata mke wangu aliipenda kuliko mimi, lakini haya, turudi. Fundi akahama bila kuaga. Akaacha bili ya maji, tukakatiwa maji ploti nzima, na ukuta wa nyuma ameutoboa shimo kubwa, hata kondoo angepita. Mvua ikawa inaingia. Wapangaji wengine wakasema maji yasiporudi, nao wanafunga virago. Na mimi ugali wangu ulikuwa hizo nyumba.

Nikasikia yuko Bungoma. Nikamkuta kwa veranda ya duka, karibu na reli, anakanyaga cherehani.

"Karibu mzee wangu. Hata jana nimekuota."

"Uliniota nikidai?"

"Ulikuwa umebeba mlima kwa kichwa."

Wateja wakacheka. Nikamwambia nataka pesa ya maji na ya ukuta. Ya maji akaitoa chini ya kitambaa. Ya ukuta akakataa.

"Si nimekuongezea dirisha, mzee? Asubuhi mlima wote unaingia ndani. Wewe ndiye ungenilipa."

"Dirisha gani halina mbao, halina kioo? Nani atakodi shimo?"

"Basi bana, nitakuja nizibe na mkono wangu."

Na kweli alikuja. Maji yalikuwa yamerudi, nimemwekea matofali, mchanga na saruji. Akajenga vizuri, mstari juu ya mstari, mpaka kifuani. Halafu akasimama, tofali mkononi. Nami nikasimama nyuma yake. Mawingu yalikuwa yameondoka, na Mlima Elgon umekaa pale kwa shimo, wa buluu, mdogo, ungeweza kuushika. Nilikuwa nawaza mbuzi wa nyanya.

"Mzee, saruji inakauka," akasema polepole. "Wacha nilete maji."

Mfereji wa maji ulikuwa uani, hatua chache tu. Nikamwona anaupita na ndoo yangu, anashika njia ya shamba la mahindi. Sikumwita. Mgongo wake ukaenda, ukaenda, mahindi yakaufunika, na hakurudi tena.