Kumi na Tano Imekataa

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa Rwezamenyo hagusi RAM, kumbukumbu ya mashine, kabla ya kulipapasa bati la mashine mara mbili, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Kamikazi, anayehariri video za harusi, alimwendea na kompyuta yake ya polepole kununua RAM mpya, naye akakataa kumuuzia. "Hii iko nzuri, dada. Inangoja sana tu." Akamwonyesha safu ya namba kwenye kioo. Ya kwanza, kumi na nane, ni mapigo ya saa ya ndani ya mashine ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu inapoulizwa. Fundi hupunguza moja moja, hata siku moja si mawili kwa pamoja, na kila namba huiandika kwa penseli ukingoni mwa meza. Kumi na saba ikakubali. Kumi na sita ikakubali. Kwa kumi na tano kioo kikawa cheusi tii, na moyo ukamruka Kamikazi: harusi ya watu imo humo! Fundi akapiga makofi. "Imekataa! Sasa tunajua mwisho wake." Akachomoa betri ndogo ya duara, akahesabu kwa Kinyarwanda hadi thelathini ili mashine iisahau kumi na tano, akairudisha, akaweka kumi na sita. Mashine ikaamka.

Video iliyokuwa ikichukua dakika arobaini kukamilika ilichukua thelathini na saba, na muda wote huo fundi hakuketi. "Tatu!" akapaza sauti mlangoni, vidole vitatu juu, na mshonaji wa jirani, asiyejua tatu za nini, akapiga vigelegele. Kamikazi alikuwa ameshavuta kiti mpaka mezani. "Fundi, na hii namba ya pili, yenyewe inangoja nini?"